Bega la Mzee Arap Bii

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Sigor, mwanangu. Nilikuwa ndani ya shimo la kisima, nimeinua uso natazama duara dogo la mbingu lililobaki juu yangu. Ukingoni mwa duara lile niliona mkono wa mzee mmoja. Mbingu ilikuwa safi bila wingu, lakini macho yangu hayakuondoka kwenye mkono ule, kwa sababu ndio ulioshika uhai wangu, na nilikuwa nimeshajua kwa wiki nyingi kwamba ulikuwa mgonjwa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili usipotee njiani.

Baba yangu alitoka milima ya Kisii akaja kuchuma majani chai upande wa Kiptere. Alinunua kipande cha shamba hapo, akaoa, akazikwa hapo. Mimi nilijaribu kuchuma nikiwa kijana, nikaona ule umande wa alfajiri na kuinama kutwa nzima vitanimaliza mapema. Basi nikamfuata jirani yetu, Mzee Arap Bii, nikamwomba anifundishe kazi yake ya kuchimba visima. Nilidhani nimekimbia maumivu. Ujana, mwanangu, humfanya mtu aamini kwamba mwili wake ni wa mtu mwingine, wa kuazima, na ukiharibika atapewa mwingine.

Mzee Arap Bii alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na maneno machache. Kwetu kwenye chai mvua hainyimi mtu, lakini ukishuka Sigor, akina mama wakati ule walikuwa wakimaliza asubuhi nzima wakifuata maji mtoni. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa huko. Tulikuwa tunalala kwa mwenye kisima hadi maji yaonekane, ndipo tunarudi Kiptere.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja yuko chini na sururu ya mpini mfupi, anachimba na kujaza ndoo. Mwingine yuko juu, amesimama kando ya gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili. Analizungusha gogo kwa mpini wa chuma, kamba inajivingirisha, na ndoo inapanda. Kwenye nguzo moja palikuwa na kipande cha chuma cha kuchomeka ili gogo lisirudi nyuma. Ndoo ya udongo na mawe ni nzito kama ndama. Ikiponyoka, aliye chini hana pa kukimbilia, maana shimo lenyewe ni la upana wa kunyoosha mikono tu.

Kwa miaka mingi Mzee ndiye aliyekuwa akishuka. Magoti yake yalipochoka kukanyaga zile hatua tunazochonga ukutani, tulibadilishana. Yeye akabaki juu, mimi nikaenda chini. Nikafikiri mambo yamekwisha hapo. Kumbe uzee ukishaingia nyumbani hauketi chumba kimoja.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo. Mzee alianza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Akivaa koti, alikuwa anaingiza mkono wa kulia kwanza, polepole, kama mama anayemvisha mtoto aliyelala. Kanisani watu wakiinua mikono kuomba, yeye aliinua mmoja. Kisha akaanza kununua zile tembe za maumivu dukani, anameza kabla ya kazi na tena mchana, wakati mwingine bila kutia chochote tumboni. Nami nikiwa chini nikaanza kuona ndoo ikisimama katikati ya safari. Inatulia hapo, inayumba kidogo, halafu inaendelea. Kila iliposimama, pumzi yangu ilisimama nayo.

Sikusema kitu. Utaniuliza kwa nini, na ni swali zuri. Huyu mtu alinifundisha kusoma udongo kwa vidole. Alinikabidhi kazi nilipokuwa sijui kushika sururu. Nitamwambiaje kwamba mkono wake umeisha? Tena nilijua vichaka vyake vya chai ni vichache, na kwamba nyumba yake ilikuwa inategemea gogo lile. Nikisema, nitakuwa nimemtoa kazini kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, labda bega litapona. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jioni moja tukiwa Kiptere nilimwambia mke wangu, Kemunto. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado yuko mgongoni. Kemunto aliacha kusonga ugali, akaniuliza kama nimezungumza na Mzee. Nikamwambia hapana, na kwamba haifai. Akaniuliza ni nani basi atakayezungumza naye, yeye? Nikamkataza. Hakubishana nami. Siku ya kuondoka alinifungia nguo zangu za kazi bila neno, na ule ukimya wake nikautembea nao mpaka Sigor.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Mwenye kisima alikuwa mwalimu aliyestaafu, na siku hiyo yeye na mkewe walikuwa wamekwenda sokoni kuuza mbuzi. Boma lote lilikuwa tupu. Tulikuwa tumeshuka mbali, udongo umeanza kuwa na unyevu, na nilikuwa nimejaza ndoo mawe mengi kuliko kawaida kwa haraka ya kuona maji. Nikapiga kelele kwamba iko tayari. Ikapanda. Ikafika kama katikati ya shimo, ikasimama.

Nilingoja iendelee. Badala yake nikasikia mpini wa chuma ukizunguka wenyewe, halafu mguno wa mtu. Ndoo ikaja. Sikuwa na wakati hata wa kuita jina la Mungu. Nilijibandika ukutani nikafumba macho, udongo ukanimwagikia kichwani. Halafu kimya. Nilipofumbua macho, ndoo ilikuwa inaning'inia juu yangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuigusa kwa mpini wa sururu, na kamba imekazwa kama mshipa.

Sauti ya Mzee ilikuja ikiwa ndogo. "Makori. Uko mzima?"

Nikamwambia niko mzima.

"Sikia vizuri. Nimelala juu ya gogo. Nimelizuia na kifua. Mkono wa kulia hausikii, na huu mwingine haufiki kwa kile chuma cha kuchomeka. Nikiinuka tu, ndoo inakuja."

Nikamwambia nipande. Akakataa. Shimo lilikuwa jembamba, nisingeweza kuipita ndoo bila kuigusa, na yeye hakuwa na hakika kama angestahimili kamba ikitikiswa. Nikaita watu kwa sauti yangu yote. Sauti ya mtu aliye ndani ya kisima, mwanangu, hupanda tu juu na kupotelea hapo. Hakuna aliyeitika. Kwa mbali nilisikia kengele ya ng'ombe, nikajua hata mchungaji hatusikii.

Mzee alizungumza kama siku za kwanza aliponifundisha kazi. "Chukua sururu. Chimba ukuta, upande jua linapotoka, huko udongo ni mgumu, hautakuangukia. Tengeneza mahali pa kuingia wewe mzima. Chini kabisa. Usiangalie juu."

Nilichimba nikiwa nimepiga magoti. Sina maneno ya kukueleza hofu ile. Sururu iliniponyoka ikagonga goti langu, na sikusikia uchungu mpaka jioni. Kila nilipotoa bonge la udongo, nilisikia kamba ikilia juu, ule mlio mdogo wa kamba inayobeba kitu kizito. Na juu ya mlio huo nilisikia pumzi za Mzee, fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima. Kuna wakati alianza kuomba kwa Kikipsigis. Kuna wakati akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia mabega yameingia. Akasema mabega hayatoshi.

Nilimfikiria Kemunto, na mtoto wangu. Halafu, nitakuambia ukweli, nikamfikiria yule mzee kule juu, gogo limemgandamiza kifuani, jua linampiga, na hawezi hata kujikuna. Nikaona haya kwamba kwa wiki zote zile nilikuwa naogopa kwa ajili yangu peke yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema wahenga. Wewe unauona mwepesi kwa kuwa haukukulalia wewe.

Nilipoweza kujikunja mle ndani, magoti kidevuni, nilimwita. "Mzee, nimeingia."

"Mwili wote?"

"Wote."

"Miguu?"

Nikaivuta miguu. "Na miguu."

Ndoo ikashuka kama radi. Mawe yalipiga sakafu ya kisima mahali nilipokuwa nimesimama, moja likaruka likanipasua nyusi. Vumbi likajaa. Nilikaa mle pangoni kama mtoto tumboni nikikohoa, hadi nikamsikia akiniita jina langu, mara ya kwanza, mara ya pili, na sauti yake ilikuwa imevunjika. Hapo ndipo nilipokumbuka kuitika.

Nilipanda kwa hatua za ukutani. Nilimkuta ameketi chini ameegemea nguzo, uso umepauka kama jivu, mkono wa kulia umelala pajani mwake kama kitu ambacho mtu amekiweka hapo na kukisahau. Shati lilikuwa limeraruka kifuani. Nikapiga magoti mbele yake, nikataka kumshukuru. Hakunipa nafasi.

"Bega hili ulilijua?" akaniuliza.

Nikaangalia chini. Nikasema ndiyo.

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa mvua."

"Na kila siku ulikuwa unashuka."

Nikamwambia nilikuwa namheshimu. Nilimwambia sikutaka kumwaibisha.

Machozi yalikuwa yanamtoka, sijui ni ya uchungu au ya nini. "Makori, heshima gani hii? Ningekupeleka kwa mke wako umefunikwa, halafu nimwambie Kemunto kijana alikuwa na heshima? Mimi ni mzee mjinga, nilificha. Nilificha kwa sababu niliogopa njaa. Lakini wewe macho yako ni mazima. Mtu akificha ugonjwa wake, kuna wa kumsamehe. Wewe uliyeona ukanyamaza, ulikuwa unamsaidia nani?"

Heshima si utumwa, na hakika si kumwacha mtu aanguke kwa sababu hutaki kumwambia anayumba.

Mwalimu na mkewe walipotoka sokoni, walituitia gari la jirani tukampeleka Mzee hospitali ya Longisa. Daktari alimpima, akatueleza kwa upole kwamba mishipa inayoshikilia bega ilikuwa imechakaa siku nyingi, ikilia, ikiomba kupumzishwa, na siku ile ilimalizia kukatika. Angekuja mapema, alisema, mazoezi na mapumziko yangeweza kuokoa sehemu kubwa. Zile tembe hazikuwa zimetibu chochote. Zilikuwa zimefunga mdomo wa bega tu, na zilianza pia kumchoma tumbo.

Nilidhani kutoka kisimani ndiko kulikokuwa kugumu. Ugumu ulikuja baadaye. Mzee alikaa nyumbani mkono ukiwa umefungwa shingoni, na mtu aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo akawa anaketi mlangoni akitazama chai ya watu. Nilikuwa namtembelea, namkuta hajala. Siku moja aliniambia kwamba anaogopa kulala kwa sababu akilala anasikia gogo likizunguka, na anaogopa kuamka kwa sababu hana la kufanya. Aliniuliza mtu wa mikono bila mikono anaitwa nani. Nami niliogopa pia, mwanangu, maana nilikuwa sina mwenzangu wa kazi, na kila nikikaribia shimo nilikuwa nageuka na kurudi.

Aliyetutoa hapo ni binti yake, Chelangat. Chelangat alikuwa mchuma chai, mabega yake yamezoea kubeba kikapu kilichojaa kupanda vilima vya Kiptere. Kila asubuhi alimsimamisha baba yake ukutani, akamwambia apandishe vidole juu polepole kama buibui, kama walivyoelekezwa hospitalini. Pale vidole vilipofika alichora alama kwa makaa. Kuna siku alama ilipanda, kuna siku ilishuka, na siku za kushuka nyumba nzima ilikuwa inatembea kwa kunyata. Halafu siku moja aliniambia mbele ya baba yake kwamba atazungusha gogo yeye, na baba yake ataketi kando awe macho yetu. Mzee akasema watu watacheka. Chelangat akamjibu kwamba wakicheka watakuwa wameburudika, na maji yatatoka vilevile.

Walicheka kweli, pale Sigor, walipomwona mwanamke kwenye gogo. Wakachoka kucheka. Mzee alikuwa anaketi kwenye kigoda karibu na kile chuma cha kuzuia gogo, na hapo tukaona kazi ambayo hatukujua kuwa ni kazi. Alikuwa anasikia kamba inayoanza kuchoka kwa mlio wake. Aliangalia udongo unaotoka na kutuambia tusimame au tuendelee. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bega lake halikurudi kamwe kupita usawa wa sikio, na siku za baridi alikuwa anaumwa hadi analia, lakini aliishi miaka mingi na alikula kwa mikono yake yote miwili.

Yeye ndiye aliyetuwekea desturi moja. Kabla ya mtu kushuka, kila mmoja wetu alipaswa kuulizwa, "Mwili unasemaje leo?" Na jibu la "niko sawa" halikukubaliwa. Ilikuwa lazima utaje mahali. Mgongo umekaza. Kidole kinauma. Nimelala vibaya. Mwanzoni tuliona kama mchezo. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anatufundisha kusema maneno madogo ili siku ya neno kubwa ulimi usigande.

Na siku yangu ilikuja. Mzee alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Nilikuwa na mvi, na goti langu la kushoto lilikuwa limeanza kuniachia ghafla nikiwa kwenye hatua za kisima. Asubuhi hiyo Chelangat aliponiuliza mwili unasemaje, nilitaka kudanganya. Nakuapia, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Niliona karo ya mtoto wa mwisho, nikaona majirani wakinitazama nimekaa mlangoni. Kisha nikasema goti linaniachia. Chelangat akaweka kamba chini, akasema basi leo hushuki.

Sitakuambia kwamba nilifurahi. Wiki zile nilikuwa mkali kwa kila mtu, na Kemunto alinivumilia. Nilikwenda kupimwa, nikapewa mazoezi, nikaambiwa mazoezi hayo ni ya maisha. Sasa najenga midomo ya visima kwa mawe, kazi ya kukaa na kuinuka, na nachunga vichaka vyangu vya chai. Baridi ya mwezi wa saba ikishuka, naamka nikiwa mgumu kama mti, na bado naogopa mwaka utakaokuja, kwamba ni kiungo gani kitafuata. Hofu hiyo sijaishinda. Nimejifunza tu kutoiacha iniamulie.

Kwa hiyo mwanangu, wewe unayechuma chai kutwa ukiwa umeinama, wewe unayebeba magunia kiwandani, wewe unayepasua kuni au kupanda nguzo za umeme, nisikie. Maumivu ya kazi hupita ukilala. Yakiamka na wewe siku baada ya siku, hayo yana neno, yasikilize. Usiyanyamazishe kwa tembe za dukani, nenda upimwe mapema, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine humuumbua jirani yake kwanza. Jifunze kazi nyingine ndogo ndani ya kazi yako ukiwa bado na nguvu, isije siku ukasimama mlangoni hujui uende wapi. Na ukimwona aliyekutangulia mkono wake umeanza kutetemeka, mwendee. Mwambie mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, na usimwambie tu, bali ukae naye mtafute mahali atakaposhika. Atakasirika. Mwache akasirike. Hasira ya mtu aliye hai ni baraka.

Mungu akupe kazi isiyokula mwili wako wote. Akupe mwenzako atakayekuuliza na kungoja jibu. Mifupa yako ikianza kuzungumza, akupe sikio la kuisikia na ulimi wa kuisemea. Uzeeke ukiwa na watu, kikombe chako cha chai kiwe moto, na miguu yako, hata ikienda polepole, ikufikishe nyumbani.